Gari la Kumbeba Chege

Kwa miaka mingi Nzau aliunganisha magari ya watu wengine bila yeye kuwa na lake. Alikuwa mchomeleaji katika kiwanda kimoja cha magari pale Thika. Vipande vya bodi vilimfikia vikiwa mbalimbali, vikaondoka mbele yake vikiwa kitu kimoja, naye jioni akarudi nyumbani Makongeni kwa miguu, macho mekundu, moyo umetulia.

Kisha magari ya mitumba yakaanza kuingia nchini. Meli ziliyashusha Mombasa kwa mamia, yametumika huko Japani na Dubai, na bei yake ikawa ndogo kuliko ya gari jipya lililounganishwa Thika. Kiwandani zamu zikapungua. Mwaka 1995 majina ya watu wa kuachishwa kazi yakasomwa getini, na la Nzau likawamo. Alirudi nyumbani mchana akiwa amekunja ovaroli kwapani. Mkewe, Perez, alikuwa barazani akishona sare za shule. Alisogeza vitambaa kando ili mumewe apate pa kukaa.

Magari hayo hayo yaliyomfukuza kazi ndiyo yaliyokuja kumlisha. Watu walioyanunua waliogopa kuuziwa maradhi, wakawa wanamwendea Nzau: twende ukanitazamie gari kabla sijatoa pesa zangu. Alikwenda na gunia la kulalia chini, tochi, bisibisi na nyundo ndogo. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Akisema nunua, watu walinunua. Akisema acha, waliacha. Kwa hivyo jina lake likafika Juja, likafika Ruiru, hata watu wasiomjua uso wakawa wanajua kwamba kuna Mkamba fulani Makongeni ambaye huwezi kumficha gari bovu.

Ndivyo Wakonyo alivyomsikia. Alikuja mwezi wa tisa mwaka 1997, mwanamke mwembamba aliyefunga kitambaa cha kichwa kwa kukaza sana, akitoka Kiuu kule Ruiru. Mumewe, Chege, alikuwa mkata mawe. Ukuta wa kwari ulimwangukia, uti wa mgongo ukavunjika, na tangu siku hiyo hakuwa na hisia yoyote kuanzia kiunoni kwenda chini. Alitakiwa kupelekwa kliniki Nairobi mara kwa mara, kubadilishwa mpira wa mkojo na kutibiwa vidonda vya mgongoni. Lakini kupelekwa na nini? Makondakta walipomwona amebebwa kwa blanketi waligonga bodi gari liondoke. Teksi ilikula chakula cha nyumba nzima. Miezi mingine hakwenda kabisa, na vidonda vikazidi kuchimba.

"Tumeuza ile shamba yake ya Gatuanyaga," Wakonyo alisema. "Ndugu yangu Ndung'u ni dereva, atatuendeshea. Siku za kliniki tunampeleka, siku zingine gari inabeba kabichi, inajilisha. Tumeona moja hapo Ruiru, Peugeot. Lakini mimi sijui gari. Naogopa tukikosea hakuna shamba ingine."

Nzau alikuwa na desturi moja iliyowashangaza wateja: kabla ya kulitazama gari, alitaka kumwona atakayelipanda. Akaandamana na Wakonyo hadi Kiuu.

Nyumba ilikuwa chumba kimoja katika ploti ya kukodisha. Kitanda kilikuwa kimesogezwa karibu na mlango ili Chege aone watu wakipita koridoni. Alikuwa mtu wa mabega mapana bado, mikono ya mkata mawe, na chini ya blanketi miguu iliyokonda kama ya mtoto. Binti yake Kui alikuwa ameketi kando ya mto akimsomea gazeti kuukuu.

"Karibu, fundi," Chege alisema. "Wanasema wewe huwezi kudanganywa."

"Nadanganywa kama wengine, Baba Kui. Tena sana."

Nzau akatoa futi ya kupimia, akamwomba radhi, akampima kutoka utosini hadi nyayoni, kisha mabegani. Alitaka kujua kama angeweza kulala ndani ya Peugeot siti zikikunjwa.

"Hapa unanipimia gari ama sanduku?" Chege aliuliza.

Alicheka mwenyewe. Nzau naye akacheka kidogo, kisha akaona kwamba Wakonyo amegeuka kutazama ukuta. Walipokuwa wakinywa chai, Chege alieleza mahali angependa kupelekwa kwanza, kabla hata ya hospitali. Alitaka kwenda Thika, pale maporomoko ya Chania. Zamani, akimchumbia Wakonyo, alimpeleka kwenye bustani ya hoteli moja ya zamani iliyo pale, wakanywa soda moja wawili kwa sababu hakuwa na ya pili. "Nataka tu kusikia yale maji," alisema. "Hapa nasikia redio za majirani."

Kesho yake wakaenda kuiona Peugeot. Ilikuwa 504 ya familia, ile ndefu yenye buti ya kubeba mlima, rangi ya samawati iliyopakwa upya. Ilisimama nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la Macharia, mwenye nayo, mtu wa sauti ya upole aliyeongea na kila mtu kama anamfariji. Ndung'u alikuwa amefika mapema, tayari yuko nyuma ya usukani.

"Sikia hii injini, fundi," alisema akiiwasha. "Sikia vile imetulia."

Nzau alisikiliza. Injini ilikuwa nzuri kweli. Haikugonga, haikutoa moshi, mafuta yake yalikuwa masafi. Alijaribu klachi na gia, akakanyaga breki, akatingisha kila gurudumu. Wakonyo alimfuata hatua kwa hatua, mikono ameikunja kifuani, na kila Nzau alipotingisha kichwa kukubali, uso wake ulifunguka kidogo. Siti za nyuma zilipokunjwa ikawa nafasi ya kutosha mtu kulala na mwingine kukaa kando akimshika. Nzau mwenyewe, ambaye hakuwa na desturi ya kupenda gari kabla hajalimaliza, alijikuta akimwona Chege amelala pale, kichwa karibu na dirisha.

Kisha akamwambia Ndung'u aliendeshe gari polepole kupita kwenye tope, mahali vijana walipooshea magari. Gari likapita. Nzau akachutama kutazama alama za matairi. Gurudumu la nyuma halikufuata la mbele. Lilikanyaga pembeni, upande mmoja tu, kama mtu anayetembea bega likitangulia.

Akatandika gunia, akaingia chini na tochi. Sakafu yote ilikuwa imepakwa lami nyeusi. Aliikwangua kwa bisibisi taratibu, na chini ya siti za mbele akaukuta mshono. Ulitoka upande huu wa gari hadi upande ule, bila kukatika. Aliugonga kwa nyundo. Ukatoa sauti ya debe. Aliposukuma bisibisi, ikazama kwenye kutu hadi mpini. Sehemu ya mbele ya gari hilo ilitoka kwenye gari moja lililopata ajali, ya nyuma ikatoka kwenye jingine, mtu akayaunga hapo katikati na kupaka rangi. Nzau alikaa kule chini muda mrefu kuliko alivyohitaji. Aliona viatu vya Wakonyo, vya plastiki, vimesimama karibu na tairi vikimngoja.

"Hii ilikuwa magari mawili," alisema alipotoka.

Macharia alishtuka, au alijua kujifanya ameshtuka. "Mimi niliinunua hivyo, mzee. Na inatembea. Nimeenda nayo Murang'a, nikarudi." Akamgeukia Wakonyo, akateremsha bei, na kwa vile Wakonyo alinyamaza, akaiteremsha tena.

Ndung'u alikasirika. "Ni gari gani ya bei hii haina welding? Mzee anataka gari ya rais?"

Wakonyo alimvuta Nzau kando, kwenye rundo la mabati.

"Fundi, niambie kama mtu wako. Mimi sitaki gari ya kuringa nayo. Nataka tu ifike Nairobi na irudi."

"Mama Kui, ikiingia shimo mbaya, ama ikigongwa hata kidogo, inaweza kukatika katikati. Na Baba Kui atakuwa amelala hapo hapo, juu ya mshono."

"Inaweza. Si lazima."

"Si lazima."

"Sasa?"

Nzau alitazama chini. Alikuwa amefanya mishono maelfu maishani mwake, na huu ulimtia aibu kana kwamba ni yeye aliyeufanya. "Mimi singempakia mtu wangu," alisema.

Wakonyo aliitikia kwa kichwa. Alimshukuru Macharia, akamwambia Ndung'u ashuke, wakaondoka. Nzau alikataa malipo ya siku hiyo na akaahidi kuwatafutia gari lingine yeye mwenyewe.

Ni yeye aliyempelekea Chege habari. Alimweleza wazi: injini nzima, mwili umevunjika katikati. Chege akakuna kidevu.

"Basi mimi na hiyo gari tungeelewana sana," alisema.

Nzau hakujua kama acheke. Kui aliendelea kusoma gazeti kwa sauti, akiruka maneno magumu.

Nzau alitafuta. Alizunguka gereji za Makongeni, akaenda Juja, akapanda hadi Gatundu kuona pikapu iliyosemwa ni nzuri akakuta kuku wametaga ndani yake. Yaliyokuwa mazima yalipita uwezo wa akina Wakonyo, na yaliyokuwa ndani ya uwezo wao yalikuwa yamekufa zamani ila hayajaambiwa. Perez alimwona akitoka asubuhi na kurudi jioni bila chochote, akamwambia, "Mzee, kuna kazi zingine zinakungoja." Alijibu kwamba zitangoja.

Kisha mvua zikaja. Waliokuwapo wanaikumbuka mvua ile ya El Niño, iliyoanza kama mvua za kawaida na ikakataa kwisha. Barabara zilikatika, madaraja yakazolewa. Kiuu, njia za udongo mweusi kati ya ploti ziligeuka uji, na magari yakawa yanaachwa huko juu kwenye lami.

Katikati ya mvua hizo ndipo Nzau alipopata gari. Lilikuwa Toyota ndogo ya steshenwagoni, kuukuu lakini la mkono mmoja, halijawahi kubadili mwenyewe, mali ya mzee Gichuru wa Gatuanyaga aliyekuwa karani wa kahawa na ambaye macho yake hayakumruhusu tena kuendesha. Nzau alilala chini yake kwenye matope, akagonga kila mahali, akasikia kila mahali panaitika vizuri. Alimsimulia mzee habari za Chege, na mzee akakubali bei ambayo Wakonyo angeiweza. Kilichobaki ni mvua kupungua ili barabara ya kutoka Gatuanyaga ipitike.

Mvua ilipopumua kidogo, Nzau alikwenda Kiuu kuwaambia. Alipokata kona ya ploti aliona mabenchi nje, wanaume wamekaa kimya, na turubai limefungwa kutoka paa hadi paa. Alisimama. Mtu mmoja akamsogezea nafasi kwenye benchi, na kwa kusogezewa huko akajua.

Wakonyo alikuwa ndani na wanawake. Alipoambiwa fundi amekuja, alitoka mwenyewe akakaa naye. Alisimulia bila kulia, kama mtu anayerudia kitu alichokwisha kukisema mara nyingi.

Vidonda vilikuwa vimeingia usaha, homa ikampanda Chege. Alfajiri akaanza kutetemeka hata kitanda kikalia. Ndung'u alikimbia kutafuta gari. Mwenye teksi aliyemjua akasema haingii kwenye tope lile hata kwa dawa. Wakampata mwenye mkokoteni wa maji. Walishusha mitungi, wakatandika godoro, wakamfunika Chege kwa nailoni, Ndung'u akavuta mbele na majirani wakasukuma nyuma. Magurudumu yalizama. Walivuta, wakapumzika, wakavuta.

"Tukiwa hapo karibu na kanisa," Wakonyo alisema, "akaniambia, funika miguu, nasikia baridi kwa miguu. Fundi, mimi nikafurahi. Nikajiambia, Ngai, Mungu wangu, miguu imerudi. Tangu kwari hakuwahi kusikia kitu huko. Nikamfunika, nikawa naisugua na mikono yangu. Nilikuwa naisugua hivyo tu, nikiongea naye, na alikuwa ameshaenda."

Hawakufika kwenye lami.

Ndung'u alikuwa ameegemea ukuta, akisikiliza. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka kwa mpini wa mkokoteni, amevifunga vitambaa.

"Ile Peugeot niliiona juzi," alisema. "Macharia aliuzia mtu wa Githurai. Ilikuwa imejaa watu mpaka kwa buti, inapanda mlima kama haijui kuna mvua."

"Ndung'u," Wakonyo alisema.

"Nasema tu nimeiona."

Wakonyo alimgeukia Nzau. "Ulikuwa umekuja kutuambia nini?"

Nzau angeweza kusema alipita tu. Lakini hakuwa amezoea kudanganya. "Nilikuwa nimepata gari," alisema.

"Nzuri?"

"Nzuri."

Aliitikia kwa kichwa, kama alivyofanya siku ile kwenye rundo la mabati. Kisha wanawake wakamwita ndani.

Mzee Gichuru alipoelezwa, alilitoa gari lake limbebe Chege hadi Gatuanyaga, hakutaka chochote. Nzau ndiye aliyekunja siti. Jeneza liliingia, ila mlango wa nyuma haukufunga, wakaufunga kwa kamba. Ndung'u aliendesha polepole akikwepa mashimo, na Wakonyo alikaa kando amelishika jeneza kwa mkono mmoja. Chege alizikwa kwenye shamba la kaka yake, maana lake lilikuwa limeuzwa.

Baada ya hapo Nzau aliacha kutazama magari. Aliyemjia alimwambia ana maumivu ya mgongo. Alichomelea mageti na madirisha huko Makongeni, na mara nyingine alikaa barazani akimtazama Perez akishona. Siku moja alimwambia, "Nilisema kweli kuhusu ile gari. Hata leo ningesema hivyo hivyo." Perez akasimamisha cherehani. "Najua," alisema. "Ndiyo sababu inakuuma." Peugeot yenyewe aliiona mara kadhaa barabara ya Thika katika mwaka uliofuata, imebeba sukuma wiki, imebeba watu, imebeba viti vya harusi. Kila mara alisimama mpaka ipite. Hakujua anaomba nini, ikatike au isikatike.

Alimwona Wakonyo tena pale Ruiru, akiuza mboga mezani kando ya stesheni. Alimnunulia vitunguu, akashindwa kuondoka. Wakonyo alimpa kiti cha debe.

"Ndung'u bado ananikasirikia?" Nzau aliuliza.

"Ndung'u anajikasirikia yeye. Alikuwa anavuta mkokoteni." Alipanga nyanya zake upya ingawa zilikuwa zimepangika. "Mimi nimewaza sana, fundi. Ungesema ndiyo, pengine angefika hospitali. Ungesema ndiyo, pengine ningezika wote wawili, yeye na Ndung'u. Hilo sijui, na wewe hujui. Lakini kuna kitu kimoja kinanisumbua. Siku ile wewe uliongea, mimi nikaongea, Ndung'u akaongea, hata Macharia. Chege tukampelekea majibu. Hakuna mtu alimuuliza kama anataka kujaribu."

Nzau alitazama vitunguu mkononi mwake.

"Angesema nini?" aliuliza.

"Unamjua Chege," alisema Wakonyo, na kwa mara ya kwanza mbele yake, akalia. Wateja wawili walisimama, wakaona, wakapita.

Mwaka 1999 mtu mmoja aitwaye Hassan, mwenye duka dogo la nguo Thika, alimfuata Nzau pale alipochomelea mageti yake. Mama yake, Bi Zahra, alikuwa na ugonjwa wa moyo na hakuweza tena kutembea hadi stendi. Walikuwa wamepata Datsun ya bei ndogo. Nzau alianza kusema habari za mgongo, kisha akachukua gunia lake.

Datsun ilikuwa na kutu chini ya milango na breki za nyuma zilishika upande mmoja. Haikuwa imeungwa, lakini haikuwa gari la kumpa mtu moyo. Hassan na mkewe Mwanamisi walimtazama usoni wakingoja neno lake moja.

"Mama yuko wapi?" Nzau aliuliza.

Walimpeleka nyumbani. Alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye mkeka mbele ya mama mzee aliyeegemezwa mito, akipumua kama aliyetoka kupanda ngazi. Akamweleza kila kitu: kutu, breki, kitakachoweza kurekebishwa na kisichoweza, na barabara ya Nairobi ilivyo. Hassan alijaribu kumkatiza, akiona mama anatishwa, lakini mama akainua kidole.

"Dirisha yake inafunguka?" Bi Zahra aliuliza.

"Inafunguka."

"Basi nipelekeni. Nimechoka kuangalia hii pazia."

Nzau alirudi kwenye Datsun. Kutwa nzima alilala chini yake, akabadilisha viatu vya breki, akachomelea bamba penye kutu mbaya zaidi, akakaza kila nati iliyokubali kukazwa. Alipotoka, kanzu za watu waliokuwa wakitoka msikitini zilikuwa zikipita barabarani, na Mwanamisi alikuwa ameshamtoa mama mzee mlangoni, amevaa viatu, tayari kwa safari.